Watu wa Fasi Hawakutoka kwenye Yai

Kibao cha kwanza alichonichorea kilikuwa na kosa, na kosa lenyewe lingalipo. Nilimwagiza aandike FOTOKOPI HAPA, KARIBUNI WATEJA, MUNGU AWABARIKI. Mzee alianza na herufi kubwa kupita kiasi, kama kawaida yake, ubao ukamwishia katikati, akafupisha bila kuniuliza. Nilipotoka nje nikakuta FOTOKOPI HAPA, KARIBU MUNGU. Nikamwambia, Mzee, huyu Mungu unayemkaribisha atakuja kutoa kopi ya nini? Akafuta brashi kwenye suruali akasema, "Mama Fotokopi, yeye iko na vitabu mingi kuliko weye." Nikamlipa huku nimenuna.

Kijiji chetu kizima cha Kashojwa tulimwita Mzee wa Vibao. Jina lake halisi nalijua, maana nimetoa kopi za karatasi zake mara nyingi kuliko za mtu mwingine yeyote, lakini ukimwita kwa jina hilo alikuwa haitiki, basi na mimi naliacha. Alikotoka ni Kivu ya Kusini, Kongo, kama mimi. Zaidi ya hapo usiniulize. Huku Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, kila mmoja wetu ameshaulizwa alitoka wapi, kwa nini, na nani, kwa njia gani, tena ameulizwa na watu wa mashirika wa kila rangi ya kizibao, mpaka ukikutana na jirani bombani unaona haya kumwongezea swali.

Alikuwa mtu wa kanisa ambaye haimbi. Alikaa benchi la mbele, mdomo umefungwa, akisoma maandishi ya ukutani wakati wenzake wanainua mikono. Nilipomwuliza, alisema kuna herufi R pale juu ya madhabahu imeinama, na mtu hawezi kumsifu Mwenyezi akiwa anaona R imeinama. R hiyo aliichora yeye. Alikuwa na ngazi moja, makopo matatu ya rangi, na koti la kijivu la kuvaa siku za maana. Alikunywa chai bila sukari nyumbani kwake, na kwangu akaweka vijiko vinne. Alisema watu ni waongo lakini vibao havijui kudanganya, halafu akachora SALUNI YA PARIS kwenye kibanda cha udongo chenye kiti kimoja.

Kitu kilichomfanya ajulikane ni mdudu wake. Kila kibao alichochora, pembeni chini, aliweka kiumbe mdogo mwenye magoti matatu kila mguu na sikio moja tu, nalo liko kisogoni. Alikuwepo kwenye duka la dawa, kwenye kinu cha kusaga, kwenye makanisa matano. Mchungaji mmoja alimwita akamwuliza kwa upole kama huyo ni shetani. Mzee akasema hapana, ni mgeni. Mchungaji akaomba mgeni afutwe. Mzee akamfuta, siku ya pili akamrudisha akiwa ameshika Biblia. Mchungaji akaona afadhali amwache, asije kesho akamkuta amevaa kola ya kichungaji.

Kiumbe huyo alikuwa mmoja wa Watu wa Fasi. Sisi Wakongomani mahali tunapaita fasi, na hiyo Fasi ilikuwa dunia yao, mbali kupita nyota. Mzee aliwachorea hadithi kwenye madaftari ya shule, viboksi sita kila ukurasa, mimi nikatoa kopi, watu wakasoma kwenye foleni ya chakula. Fasi ina majua mawili, kwa hiyo hakuna kivuli, na kwa kuwa hakuna kivuli hakuna mtu anayekaa, ndiyo sababu ya magoti matatu: wanapumzika wamesimama. Sikio liko nyuma ili umbeya usipotee ukishawapita watu. Kijiji kina wenyeviti arobaini na raia mmoja, naye raia huyo amechoka. Chombo chao cha kuruka angani kinafanana na jerikeni la njano. Watu waliona hapo maana kubwa. Ukweli ni kwamba rangi ya njano ndiyo iliyokuwa imebaki.

Watu walicheka mpaka foleni ikasogea bila wao. Lakini kila daftari lilipoisha, swali lilikuwa moja. "Mzee, hawa batu batokeaka wapi? Nani alibaumba? Tupe mwanzo." Naye, ambaye angeweza kukujibu kuhusu bei ya mafuta ya taa mwezini, alikusanya brashi zake akaenda zake. Miaka na miaka hakuchora mwanzo. Wenzetu walidhani hana. Mimi nilijua anao, kwa sababu aliniambia siku moja mashine ilipokwama na hakukuwa na la kufanya ila kuongea.

Watu wa Fasi hawakuwa wake peke yake. Aliwatunga na mdogo wake, zamani kwao, walipokuwa vijana waliowekwa kulinda mihogo iliyoanikwa isiliwe na mbuzi. Mzee alichora chini kwa kijiti, mdogo mtu akasema maneno. Na walibishana. Mwanzo wa Watu wa Fasi peke yake uliwachukua kiangazi kizima, mbuzi wakila, mpaka wakapatana: kulikuwa na mwanamke mkubwa kuliko mlima, alisonga bugali, akaenda kugombana na jirani, akasahau chungu motoni. Ugali ukaliwa na moto, na katika ukoko ulioganda chini ndimo walimoamkia Watu wa Fasi. Ndiyo maana wana rangi ya kahawia na wanachukia kukwanguliwa.

"Mudogo yangu tulipotezana mu vita, mwaka wa tisini na sita," akasema. "Kama iko muzima, sijue. Sasa ile mwanzo iko ya batu babili. Mutu moja hana ruhusa ya kuitoa."

Nilielewa alichokuwa anasema: siku atakayoutoa mwanzo peke yake, atakuwa amekubali kwamba amebaki peke yake. Na nilielewa pia mdudu wa kwenye vibao ni wa nini: mdogo mtu akipita popote amtambue. Aliniapisha nisiutaje ukoko kwa mtu. Mimi siri ikilala kwangu huwa inaamka mapema, jirani zangu watakuambia, lakini ile niliibana. Tulibaki watu watatu duniani tunaojua ukoko, na mmoja wetu labda hayupo.

Basi nishangae nisishangae, siku moja aliingia dukani na daftari jipya, akaliweka juu ya mashine. Juu ameandika FASI YA KWANZA. Chini yake, kwa herufi ndogo: Mwanzo wa Watu wa Fasi. Nikafungua. Ukurasa wa kwanza, yai. Wa pili, yai. Yai kubwa jeupe limetagwa na nyota, linapasuka, Watu wa Fasi wanatoka wamejipanga mstari kwa kimo.

"Mzee," nikasema, "hili yai limetoka wapi? Ulisema ukoko."

"Minajua nilisema nini."

"Sasa huu ni uongo."

"Njo hivyo." Akavuta kiti akaketi, kitu ambacho hakukifanya mara nyingi. "Mama Fotokopi, ile mutoto, mudogo yangu, haachake kosa ipite. Mwalimu akikosea hesabu, anainuka. Pastori akikosea mustari, anainuka, na mama anamuvuta shati. Nikichora ukoko, ataona, atasema, ah, muzuri, atafunga kitabu. Lakini akiona yai!" Akagonga daftari kwa kidole. "Akiona yai atakasirika. Atauliza, nani mupumbavu alichora hii kitu? Atakuja kunitafuta mupaka hapa juu ya kunitukana."

Ulikuwa mtego. Sijawahi kuona mtego wa ajabu vile, na sijui kama ni akili au ni huzuni iliyovaa koti. Lakini kwa mtego, daftari la Kashojwa halitoshi. Lazima kitabu kitoke, kiende mbali, kifike kwa watu wasiomjua. Kanisa likachanga, mimi nikatoa karatasi, tukaenda mjini Mbarara kwa mwenye mtambo wa kuchapa.

Mpiga chapa alikuwa Munyankore, mwenyeji wa pale, mwema, mnene, mwenye kalamu mbili masikioni. Kiswahili alijifunzia jeshini na alikiheshimu sana, kama watu wanavyoheshimu buti. Alituahidi mwezi mmoja, tukarudi baada ya miezi mitatu, tukakuta maboksi yamefungwa kwa kamba vizuri sana. Mzee akakata kamba. Jalada lilikuwa safi, rangi zimekaa, na juu pameandikwa NAFASI YA KWANZA.

Mzee akaigusa ile NA kwa kidole. Mimi ndiye niliyesema.

"Ssebo, bwana yangu, hii ni nini?"

"Nyabo, mama yangu, mimi nasaidia nyinyi," akasema yule bwana, anatabasamu. "Hiyo 'fasi' ilikuwa mbaya. Iko Swahili ya kichaka. Swahili sawasawa ni 'nafasi'. Mimi nimerekebisha yote, mpaka ndani. Hapana lipa kwa hiyo."

Kweli alikuwa amerekebisha yote. Watu wa Nafasi. Sayari ya Nafasi. Mwenyekiti wa thelathini na saba alisimama akasema, "Nafasi ni yetu sote," na ikaonekana kama kampeni ya uchaguzi. Nilitaka kumrukia. Mzee alikifunga kitabu, akakiangalia tena usoni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Wacha, Mama. Hata hii itamukasirisha."

Sasa fikiria mzazi wa Mbarara anayeona kitabu kinaitwa Nafasi ya Kwanza. Nani asiyetaka mtoto wake ashike nafasi ya kwanza? Duka moja la mtaa wa Nyamitanga, karibu na mashule, likakipanga pamoja na vitabu vya kujiandaa na mitihani. Kikanunuliwa. Wazazi ambao Kiswahili hawakijui walikinunua kwa ajili ya jalada, wakaona yai, wakasema hii ni biolojia. Mama mmoja alikirudisha baada ya muhula akilalamika mwanawe ameshuka kutoka wa kumi hadi wa kumi na nne, na sasa anasimama darasani hataki kukaa. Halafu mfanyabiashara mmoja, mama wa Kikagate anayevuka mpaka kila wiki na vitenge na sabuni, akachukua maboksi mawili kupeleka Tanzania. "Kule," akaniambia, "kila mtu anasoma Swahili, na kila mtu anapenda namba moja." Kwa kosa la Kiswahili chake cha buti, yule mpiga chapa alikipeleka kitabu mbali kuliko sisi tungewahi kukipeleka kwa usahihi wetu wote.

Malalamiko yakaanza kuja, na hapo ndipo nilipoanza kuumia. Kwa sababu nyuma, kwenye jalada, tulikuwa tumeandika: mwenye neno amwone Mzee wa Vibao, Kashojwa, Nakivale. Kila mgeni aliyeuliza njia, Mzee alishuka ngazi, akanawa rangi mikononi kwa mafuta ya taa, akavaa koti la kijivu. Walikuja wengi kuliko unavyodhani. Mwalimu alikuja kusema kitabu hakina majibu nyuma. Mwinjilisti alitoka mbali kueleza kwamba kitabu cha Mwanzo hakina yai. Mzee mmoja Mrundi alitaka kujua kama nyota iliyotaga ilikuwa na jogoo. Mzee wa Vibao aliwasikiliza wote mpaka mwisho, akawauliza kitu kimoja tu: "Na weye, unawaza batu batokea wapi?" Wakasema mbinguni, wakasema udongoni, wakasema sijui. Hakuna aliyetaja chungu. Akawashukuru, akavua koti, akapanda ngazi.

Mwaka wa kwanza hivyo. Wa pili hivyo. Alianza kuzeeka kwa upande mmoja, ule wa mkono wa brashi. Nitasema ukweli wangu: kuna siku nilikaa na kalamu mbele yangu nikataka kumwandikia barua mimi mwenyewe, kwa mwandiko wa kupinda, nimwambie wewe mpumbavu, ni ukoko. Niliandika mpaka neno "mpumbavu". Nikaichana. Ningempa furaha ya wiki moja na kumwibia ndugu yake mara ya pili. Lakini nilitaka sana, na sijutii kutaka.

Mwaka wa 2014, msimu wa mvua, yule mama wa Kikagate aliingia dukani amekunja uso. Akanitupia kitabu kisicho na jalada, kimelowa pembe moja.

"Nyabo, hiki nilikikuta kwa gulio upande ule wa Tanzania, kwa mtu wa karanga, anakichana kufungia. Nimenunua kwake. Lakini angalia, mtu amechafua kwa kalamu. Nipe kizuri."

Nikampa kizuri. Nikakifungua kile kichafu nikiwa na nia ya kuona kama karatasi zake zinaweza kuwashia jiko. Ukurasa wa kwanza, juu ya yai, mtu alikuwa amepiga msalaba kwa wino wa bluu mpaka karatasi ikatoboka. Kando yake: UONGO. Ukurasa wa pili: UONGO TENA. Kila palipoandikwa Nafasi, "na" imekatwa. Na chini ya ukurasa wa nne, kwa mwandiko uliosimama wima: "Batokea mu ukoko ya bugali. Yai gani?"

Niliketi kwenye boksi la karatasi. Nikamwuliza yule mama, yule mwuza karanga alikipata wapi? Akasema alikipata kwa rundo, karatasi za kufungia zinatoka kila mahali. Nikamwuliza mara tatu. Akaniona sina akili, akaenda zake na kitabu chake kizuri.

Nilimkuta Mzee juu ya ngazi kwenye kinu. Nikakiinua kitabu. Alishuka, akanawa, akavaa koti, akasoma ukurasa wa kwanza na wa pili bila uso kubadilika. Alipofika wa nne aliniangalia, na sijawahi kuangaliwa hivyo na mtu ninayempenda.

"Mama Fotokopi. Ile neno uliambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Sitakasirika. Uliambia nani?"

Nilimwapia kwa watoto wangu. Nikamwapia kwa Biblia. Nikaanza kulia kwa hasira, kwa sababu miaka yote ile niliibana siri mimi ambaye sibani kitu, na sasa uaminifu wangu ndio unaonekana kama ulaghai. Aliendelea kufungua kurasa polepole, midomo inasoma. Akafika wa mwisho. Pale mwandiko ulijaza nafasi yote nyeupe, na ulikuwa hauhusu Watu wa Fasi. Akanipa nisome, kwa sababu macho yalikuwa yamemjaa machozi.

Iliandikwa: "Na ile njia ya kushoto njo ilikuwa fupi. Nilifika mbele, nikakungoja siku ine."

"Njia gani?" nikauliza.

Akakaa chini, kwenye vumbi la unga, na koti. Ndipo aliponiambia jambo ambalo hajawahi kumwambia yeyote, hata wale wenye vizibao. Hawakutenganishwa na risasi wala na watu. Walifika njia panda, watu wanakimbia, na wakabishana. Mdogo akasema kushoto ndiko karibu. Mkubwa akasema kuume. Kila mmoja alijua yuko sahihi, na hapakuwa na kiangazi kizima cha kupatana. Kila mmoja akashika yake, wakaambiana tutaonana mbele.

"Niliwaza atageuka," akasema. "Na yeye aliwaza nitageuka."

Halafu alilia, mzee mzima, mbele ya watu wa kinu, nami nikalia naye, na wenye mahindi wakasubiri. Mdogo alikuwa mzima. Angalau siku aliyoshika kalamu ya bluu alikuwa mzima, na hasira zake nzima. Mzee aliniomba radhi kwa lile swali. Nikamwambia nimesamehe, ingawa ilinichukua mpaka Jumapili.

Ruhusa ya kusafiri ilichukua miezi. Mara ya mwisho kumwona ilikuwa 2015, Mbarara, nilipokwenda kutafuta wino wa mashine. Alikuwa amesimama karibu na magari ya Kikagate, amevaa koti la kijivu, na chini ya kwapa amebana kile kitabu kimefungwa kwa nailoni. Alikuwa ameshakwenda magulio mawili bila kitu, hili lilikuwa la tatu. Mwuza karanga alimwelekeza kwa mwenye duka, mwenye duka akamwelekeza kwa fundi baiskeli mmoja ambaye, walisema, hubishana na kila mteja anayesema baiskeli yake ni nzima. Mzee alisema hilo lina matumaini.

Nilimnunulia chai. Aliweka vijiko vyake. Nikamwuliza, kwa kuwa sina adabu, ukimkuta utaanza na lipi, ukoko au njia?

"Ukoko nitamuomba musamaha, nitamuambia ilikuwa mutego," akasema. "Njia, nitamuambia ndiyo. Ya kushoto njo ilikuwa fupi."

"Kwani kweli ilikuwa fupi?"

Akaniangalia kama mtu anayeona R imeinama.

"Hapana, Mama. Ya kuume njo ilikuwa fupi, tena kwa mbali sana. Hata mutoto anajua." Akamaliza chai, akasimama, akapanda gari, akalishika koti lake lisinaswe na mlango wa gari. "Lakini nitamuambia ya kushoto."